Jamaa wa loji ya jangwani kaniita dereva mbele ya mke wangu!

Wakuu, nina hasira mpaka mikono inatetemeka.

Naandika nikiwa hapa hapa kwao, ukingoni mwa jangwa la Namib, Namibia, loji ile ya vyumba vya kuhesabika. Yule jamaa wa mapokezi mnamjua. Aliyewahi kulala hapa hawezi kumsahau, yule mwenye tabasamu la kukodi.

Tumetoka Windhoek alfajiri, tukateremka mlima wa Spreetshoogte roho mkononi, changarawe inatikisa gari mpaka meno yanataka kuhama kinywani. Vumbi tulilokula linatosha kujengea nyumba. Tunafika, nyuma yetu inaingia familia ya Wazungu. Jamaa anatoka na sinia la vitaulo baridi, vimekunjwa vizuri, vinanukia. Anampa mke wangu. Nami nanyoosha mkono. Sinia likapita chini ya mkono wangu, likaenda kwa Wazungu! Kisha ananigeukia: "Dereva, vyumba vyenu viko kule nyuma, karibu na jenereta."

Dereva! Na karatasi ya malipo ninayo mkononi, jina langu juu kwa herufi kubwa! Udereva si tusi, kaka yangu anaendesha lori na namheshimu. Hata dereva, kwa joto lile, alistahili kitaulo.

Mke wangu akamwambia huyu ni mume wangu. Jamaa akaitazama karatasi, akanitazama, akauliza: "Na mwenye safari yuko wapi?"

Usiku wakatutoa nje kutazama nyota. Tuko jirani na hifadhi ya NamibRand, ambako giza la anga linalindwa rasmi tangu 2012, na kweli nyota zimemwagika kama mchele. Mimi natazama juu naona sinia tu. Sinia linapita chini ya mkono wangu!

Nimfanyeje huyu mtu?

Kobe Mkavu: Hahaha, dereva wetu pole. Jenereta lilikuacha ulale?

Binti Sahani: Msimcheke. Jamaa huyo huyo alinihubiria nisioge sana, maji ya jangwani ni ya kisima. Nikakubali. Natoka nje, bwawa la kuogelea limejaa mpaka linamwagika, ndani kuna mtu mmoja kalala na miwani!

Mwenye uzi: Dada, maji yaache kwanza. Sinia LILIPITA CHINI YA MKONO WANGU.

Kobe Mkavu: Mkuu, ulivaa nini? Isije ikawa shati la kaki lenye mifuko.

Mwenye uzi: Wale Wazungu WOTE walivaa kaki!

Mzee Changarawe: Hayo madogo. Kasheshe ni lango la Sesriem, la kuingilia kwenye vilima vya mchanga. Waliolala ndani ya hifadhi wanaruhusiwa kwenda vilimani saa moja kabla ya macheo. Wewe wa loji ya kifahari nje unasubiri jua lichomoze ndipo ufunguliwe. Umelipa mamilioni, macheo unayaonea kwenye foleni ya magari.

Binti Sahani: Ukikimbia unawahi kile kilima cha Dune 45, ni kilomita 45 tu kutoka langoni.

Ngamia Mvivu: Hizo 45 ni za lami, mtoto anafika. Shughuli iko kwenye kilomita 5 za mwisho kwenda bonde la Sossusvlei, mchanga mtupu. Nilinasa pale na gari la kukodi, la fobaifoo kabisa, wakanitoza kunivuta mpaka nikakosa usingizi.

Mzee Changarawe: Ulitoa upepo kwenye matairi?

Ngamia Mvivu: Nilitoa kidogo.

Mwenye uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Huyu jamaa...

Mzee Changarawe: Subiri kwanza, mkuu. "Kidogo" ndiyo iliyokuponza, Ngamia. Ukiingia mchanga ule na upepo wa lami, kila ukikanyaga mafuta unajichimbia. Toa wa kutosha, fuata njia za magari yaliyotangulia, na usisimame katikati kupiga picha.

Ngamia Mvivu: Na kuujaza tena wapi?

Mzee Changarawe: Pale Sesriem, kituo cha mafuta.

Kobe Mkavu: Mwulizeni dereva wetu, yeye anajua.