Msaada: jiko la peleti linawaka kwa kishindo, moto umelegea na kioo kinakuwa cheusi kila siku

MamaZawadi
Habari za jioni wapendwa, poleni na baridi nyote mlio huku. Mwenzenu nimekwama naombeni ushauri. Tumehamia nyumba nyingine hapa Lewiston, Maine, hii ni wiki ya pili, na sebuleni kuna jiko la peleti, yale yanayokula vipande vidogo vya vumbi la mbao lililoshindiliwa. Mwenye nyumba alitupa funguo akasema bonyeza hapa linawaka, basi, kitabu cha maelekezo hakuna. Boila ya mafuta ipo chini besimenti ila kujaza tangi la mafuta msimu huu ni pesa ambayo sina, ndo maana nataka nilielewe hili jiko.

Sasa nikibonyeza linaunguruma, peleti zinadondoka kwenye kikombe, linakaa mpaka robo saa ndo moto unatokea. Jana halikushika mara ya kwanza nikabonyeza tena, kikombe kikafurika peleti, ndani kukajaa moshi mzito wa rangi ya maziwa, mara puu! kioo kikatikisika, watoto wakakimbilia chumbani. Moto ukishatulia unakuwa mrefu, rangi ya chungwa lililoiva sana, ncha zake nyeusi, unayumba polepole kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Kioo nafuta asubuhi, mchana kimeshakuwa kama tako la sufuria ya kuni. Nikadhani halina nguvu nikaongeza peleti kwenye kitufe, ndo ikawa mbaya zaidi. Na kaharufu ka moshi kapo ndani, jioni kichwa kinaniuma ila nadhani ni uchovu wa zamu za usiku. Anayejua kuwasha na kurekebisha moto wa hivi vitu anielekeze tafadhali.

Mpwani_VT
Pole dada. Hicho kikombe kimeziba tu. Kizime, kikipoa kwangua matundu ya chini yote, mwaga majivu, halafu ongeza hewa kidogo. Langu lilikuwa hivyohivyo mwaka jana.

Kaka_Kivu
Mpwani yuko sahihi kwa kikombe ila amepita juu ya kitu kikubwa. Mama Zawadi tafadhali soma tena ulichoandika. Moto umekosa hewa, harufu ya moshi iko ndani, na kichwa kinauma jioni. Kwetu Bukavu wakati wa mvua mtu anaingiza mbabula ya makala, yaani jiko la mkaa, chumbani apate joto, anafunga mlango, asubuhi majirani wanavunja. Tumezika watu kwa hiyo. Ni gesi ileile, kaboni monoksaidi, haina rangi na haina harufu, ile harufu unayosikia ni ya moshi tu, yenyewe huisikii kabisa.

Nijibu haraka. Kichwa kinaacha kuuma ukitoka kwenda kazini? Watoto wana kizunguzungu au kutapika? Nyumba ina kengele ya kaboni monoksaidi, sio ya moshi peke yake?

MamaZawadi
Kaka umenishtua. Kengele ipo moja kwenye korido, nimepanda kiti sasa hivi nimeifungua haina betri. Zawadi jana jioni alilalamika kichwa na kichefuchefu, nikampa dawa, shuleni amekuwa mzima mchana kutwa. Mimi nikifika kazini kinaisha. Jiko linawaka hivi ninavyoandika.

Kaka_Kivu
Bonyeza kitufe cha kuzima, USICHOMOE waya ukutani, toka na watoto wote sasa hivi mkae kwenye gari au kwa jirani, ukiwa nje piga 911. Waambie jiko la peleti, vichwa vinauma. Kiingereza kikikusumbua sema "Swahili" watafute mkalimani. Usibaki kufungua madirisha wala kutafuta makoti. Uzi utausoma baadaye.

MamaZawadi
Nimerudi. Tuko salama, tuko kwa jirani Mburundi ghorofa ya chini ya nyumba ya pili, watoto wamelala. Zimamoto walifika na kile kipimo chao cha hiyo gesi wanachokivaa kifuani, kilianza kulia walipoingia tu mlangoni, sebuleni kilisoma 40 na kitu. Hiyo ni jiko likiwa limeshazimwa. Wamefungua nyumba nzima, wamesema lisiwashwe mpaka fundi alikague. Walitupima na sisi, kidogo tu imeingia. Kaka Kivu sijui nikushukuruje, nilikuwa naenda kulala.

Mpwani_VT
Dada nisamehe sana. Nilisoma moto na kioo, kichwa nikakiruka. Namshukuru Mungu kaka alikiona. Kitu kimoja: huko Maine sheria inamtaka mwenye nyumba ya kupangisha aweke kengele za kaboni monoksaidi zinazofanya kazi, hivyo usiombe kama unaomba msaada, mwandikie kwa meseji ili ibaki kumbukumbu.

FundiChuma_Trento
Nimeuona uzi huu asubuhi ya huku Italia. Natengeneza haya majiko mwaka wa sita, huku milimani kila mtaa yapo, na kila msimu nakutana na kioo cheusi kama cha mama Zawadi, kwa hiyo niandike kwa kirefu na wengine wapate. Ila mama, ukaguzi wa fundi kwanza, haya ni ya baada ya hapo.

Watu wetu wengi wanalichukulia hili jiko kama jiko la mkaa, moto ukilegea unaongeza mkaa. Hapa ni kinyume. Hili jiko linavuta pumzi kwa feni. Feni ya ekzosi inanyonya hewa ya moto na kuisukuma nje kwa bomba, na kwa kunyonya huko ndo hewa mpya inaingia kupitia matundu ya kikombe, chini ya peleti. Kuna feni nyingine ya kupuliza joto sebuleni, hiyo haihusiani na moto. Sasa kikombe kikiziba, au bomba likijaa majivu, au gasketi ya mlango, ile kamba ya kuziba ukingo wake, ikiwa imechakaa hewa ikawa inaingia pembeni badala ya chini, moto unakosa pumzi. Wewe ukiongeza peleti ni kama kumlisha ugali mtu anayekabwa.

Kusoma moto ni hivi. Moto mzuri ni wa njano inayong'aa, unachangamka, ncha zake kali. Moto mrefu mvivu wa chungwa wenye ncha nyeusi na masizi, hewa haitoshi. Moto mfupi mweupe unaovuma kama wa kuchomelea, peleti zinarukaruka kutoka kwenye kikombe kabla hazijaungua, hewa imezidi. Kioo nacho kinasema, kikiwa na ukungu wa kijivu au kahawia hafifu baada ya siku moja mbili ni kawaida kabisa, kikiwa cheusi ndani ya saa chache si kawaida. Na majivu yawe laini ya kijivu kama unga wa muhogo. Ukikuta mawe meusi yamegandamana kwenye kikombe, hayo ni madini na mchanga vimeyeyuka, mara nyingi peleti zina magamba ya mti au uchafu, yatoe kila siku na ubadilishe aina ya peleti.

Kuwasha sasa. Jiko likiwa baridi kabisa, toa kikombe, kwangua, hakikisha kila tundu unaona mwanga ukikiinua dirishani, kuna tundu moja ni la kiwashio, hilo ndo watu wanalisahau na ndo sababu linachelewa kushika. Rudisha kikombe kikae sawa bila kupindapinda, kikiinuka hata kidogo hewa inapita pembeni. Funga mlango na mfuniko wa tangi la peleti, mengine hayawaki ukiuacha wazi. Bonyeza, uache. Kama tangi lilikuwa limeisha kabisa, ile skrubu inayosukuma peleti inakuwa tupu ndani, itachukua dakika kadhaa kujaa na safari ya kwanza inaweza kushindwa, hiyo sio ubovu. Kwa kawaida moto unatokea ndani ya dakika tano mpaka kumi.

Halikushika? Hapa ndo mama Zawadi alipopatwa. USIBONYEZE TENA juu ya peleti zilizojaa. Ule moshi wa maziwa ni gesi inayosubiri cheche, na ikipata inalipuka, kuna watu kioo kimewarukia. Ukiuona moshi ule na moto haujashika usifungue mlango wala usisogeze uso pale, zima, acha feni ivute mpaka moshi uishe na jiko lipoe, ndo utoe peleti zote kwenye kikombe uanze upya. Hizo ulizotoa weka kwenye ndoo ya chuma, usizirudishe kwenye tangi maana huenda mojawapo ina kaa la moto ndani.

Na tafadhalini, petroli, mafuta ya taa, ile ya kuwashia mkaa wa nyama choma, hata tone, hapana. Majiko ya kuwasha kwa mkono yana jeli yake maalumu na inawekwa kabla ya moto, haiongezwi moto ukishaanza.

Kurekebisha: gusa kitu kimoja tu kwa wakati. Kile kishikio cha hewa kisogeze kidogo sana, kisha subiri nusu saa uangalie moto, ndo usogeze tena. Wanaozungusha hewa na peleti kwa pamoja hawajui kipi kimefanya nini mwisho wanapotea kabisa. Anza na hewa siku zote.

Binti_Kahama
Fundi asante, swali, kwa nini Kaka Kivu alikataza kuchomoa waya? Mimi niko Ohio langu nalizima kwa kuchomoa kila usiku miaka miwili sasa.

FundiChuma_Trento
Acha leo dada yangu. Ukichomoa feni ya ekzosi inasimama papo hapo wakati kikombe bado kina moto, moshi na gesi havina wa kuvisukuma nje vinarudi ndani, na joto linaweza kupanda kwenye njia ya peleti mpaka tangini. Ukibonyeza kitufe jiko linaacha kulisha peleti, moto unajiishia, feni inaendelea mpaka lipoe ndo inazima yenyewe. Itachukua nusu saa pengine, iache. Umeme ukikatika ni tatizo lilelile, ndo maana sehemu za dhoruba watu wanaweka betri ya akiba kama ya kompyuta ili feni imalizie kazi. Na waya uchomekwe ukutani moja kwa moja, sio kwenye ekstensheni iliyopita chini ya zulia.

Kaka_Kivu
Niongeze la majivu. Portland jirani yangu alimwaga kwenye mfuko wa karatasi akaweka kibarazani, na nyumba za huku vibaraza ni vya mbao. Yalionekana yamepoa. Usiku kibaraza kikawaka. Kaa la moto linaishi ndani ya majivu hata siku tatu. Ndoo ya chuma yenye mfuniko, nje, juu ya saruji, mbali na ukuta. Na msivute majivu kwa vakyumu ya kawaida ya zulia, ikinyonya kaa moja mfuko wa ndani unawaka na wewe umeishika.

Mpwani_VT
Theluji pia. Ikirundikana nje ikaziba mdomo wa bomba, yote haya yanarudi upya. Kila ikianguka mimi naanza na koleo pale kabla ya gari.

Binti_Kahama
Na peleti mnanunua zipi? Nilipata za bei ya chini, mfuko chini una unga mtupu.

FundiChuma_Trento
Huo unga ndo unakwamisha skrubu. Pepeta kwenye chujio kabla ya kumimina. Huku natafuta mfuko wenye alama ya ubora ya ENplus A1, majivu yasizidi asilimia 0.7 na unyevu usizidi 10. Marekani mna alama ya PFI, daraja la juu majivu hayazidi asilimia 1. Mfuko wenu wa ratili 40 ni kama kilo 18, tani moja mifuko 50. Uweke mahali pakavu juu ya mbao, usiegemee ukuta wa besimenti unaotoka jasho, peleti ikinywa maji inavimba inarudi kuwa vumbi.

MamaZawadi
Wapendwa, nimerudi na majibu baada ya siku nne. Fundi alikuja, mwenye nyumba amelipa baada ya kumtumia meseji na karatasi ya zimamoto. Alipofungua kile kiungo cha bomba nyuma ya jiko, majivu yalimwagika ndoo nzima, yamejaa mpaka nafasi iliyobaki ilikuwa ya kupitisha vidole viwili. Akanionyesha gasketi ya mlango, akabana noti ya dola moja mlangoni akafunga akaivuta, ikatoka bila kukwama upande wote wa bawaba, sasa ameweka mpya noti inakatalia. Tundu la kiwashio lilikuwa limeziba kama Fundi wa Trento alivyosema. Amesema bomba lisafishwe kila baada ya tani moja.

Leo asubuhi nimekitoa kikombe mwenyewe, nikakiinua dirishani nikahesabu matundu yote, nikarudisha, nikabonyeza, nikakaa kwenye kiti na saa mkononi. Dakika ya sita moto huo, taratibu, bila kishindo, njano kama ua la alizeti. Kishikio cha hewa nimekisogeza mara moja tu. Sasa ni saa tisa alasiri, kioo kina ukungu kidogo wa kijivu na naona moto vizuri hadi nyuma.

Kengele mpya zimewekwa tatu, moja besimenti, moja sebuleni na moja nje ya chumba cha watoto. Zawadi ndiye aliyebonyeza za majaribio zote tatu, nimemfundisha ikilia tunatoka kwanza, viatu baadaye.