Mrejesho: baba niliyeishiwa maneno ya kuomba

Wapendwa, mtakumbuka mwezi wa tatu niliuliza: baba afanyeje anapoongoza sala ya jioni nyumbani huku moyoni hasikii kitu? Tangu tumzike mdogo wangu nilikuwa nasoma Neno kama mtu anayesoma risiti.

Wengi mlisema nifunge siku tatu. Nilifunga, niseme ukweli, niliambulia njaa tu. Kilichonifaa ni yule aliyenielekeza Marko 9, kwa baba aliyemwambia Yesu kwamba anaamini, ila asaidiwe kutokuamini kwake. Nimeisoma miaka na miaka, sikuwahi kutilia maanani kwamba aliyesema vile ni mzazi. Na mtoto wake akaponywa palepale.

Jumapili ile nikawaambia wanangu, "Leo baba hana maneno." Kimya. Binti yangu wa miaka 8 akaanza Baba Yetu, kaka yake akadakia, mama yao akamalizia. Mimi nililia tu.

Sasa tunapokezana. Zamu yangu Alhamisi, na mara nyingi nasoma Zaburi 13: mistari 6 tu, na inaanza kwa kulalamika. Usingizi bado unanisumbua. Mchungaji nimeshamweleza, tunaonana keshokutwa.