Tupeane uzoefu: kuotesha nyanya za mbegu za asili kwenye maeneo ya joto

Mwanzisha mada, Tanga:
Ndugu wakulima, naomba tukusanye hapa uzoefu wetu wa nyanya za mbegu za asili, yaani zile ambazo mkulima hukamua mbegu zake, akazisia tena na kuvuna tunda lilelile, tofauti na chotara ambazo uzao wake hubadilikabadilika. Mimi hupanda Marglobe, mbegu ya Marekani ya miaka ya 1920, pamoja na Moneymaker. Kwa maoni yangu, kinachotusumbua zaidi huku Pwani ni joto la usiku kuliko jua la mchana, kwa sababu usiku ukibaki juu ya nyuzijoto 24 hivi, chavua hudhoofika na maua hupukutika hata kama mmea umenawiri na unamwagiliwa vizuri. Ndiyo maana husia mbegu kitaluni mwezi Aprili, chini ya kichanja kinachozuia mvua ya masika isilete kinyausi (ugonjwa wa kuoza miche michanga), ili maua yafunguke Juni na Julai, wakati kusi imeshapoza usiku. Wenzangu mnafanyaje?

Mchangiaji, Mombasa:
Kalenda yangu ni hiyohiyo. Ninachoongeza ni uchaguzi wa aina. Dada yangu aliyeko Marekani aliniletea mbegu za Brandywine, nyanya kubwa yenye majani kama ya kiazi mviringo na ladha ambayo sijaipata kwingine, lakini kwangu huchanua sana na kuzaa kidogo mno. Nyanya ndogondogo za vishada huendelea kubeba hata Februari. Anayeanza Pwani naomba aanze na hizo.

Mchangiaji, Morogoro:
Shikamooni wakubwa. Kwetu tatizo ni mnyauko bakteria, na aina nyingi za zamani hazina ukinzani nao. Mche hunyauka ghafla ukiwa bado wa kijani. Kata kipande cha shina, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, na ukiona ute mweupe unashuka kama uzi, usipoteze fedha kununua dawa ya kupulizia, kwa kuwa bakteria wako udongoni. Ng'oa mmea huo na uuteketeze, kisha eneo hilo lipande mahindi kwa misimu kadhaa, wala usirudishe biringanya, pilipili au viazi mviringo.

Mwanzisha mada, Tanga:
Marahaba, na ahsante kwa maelezo hayo. Je, mbegu mnazitunzaje kwenye unyevu huu?

Mchangiaji, Bagamoyo:
Mimi huchagua mmea mzima wenye afya na uliozaa vizuri wakati wa joto, wala sitazami ukubwa wa tunda moja. Matunda yakiiva kabisa nakamua mbegu pamoja na maji yake kwenye kikombe, nafunika kwa kitambaa na kuacha zichachuke siku mbili. Kwa joto letu zikizidi hapo huweza kuanza kuota. Baada ya kuziosha nazianika kivulini juu ya sahani, kwani kwenye karatasi hunata. Zikikauka kabisa huingia kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana, pamoja na kifuko cha mchele uliokaangwa bila mafuta na kupoa, ambao hufyonza unyevu. Zikitunzwa hivyo mahali penye ubaridi, huweza kuota vizuri hata baada ya miaka minne.