Naomba ushauri kabla sijanunua hii pikapu

Habari zenu wadau, mimi niko Njoro hapa Nakuru na natafuta pikapu ya kubebea viazi kutoka Mau Narok kuleta soko, sasa jana nimeonyeshwa Hilux dizeli ya 2008 na kwa macho iko sawa kabisa lakini roho yangu bado haijatulia.

Kwanza nilipofika nilipata injini ishashika moto, mwenyewe anasema alikuwa ametoka kuizungusha kidogo, na mimi najua dizeli ukitaka ukweli wake uiwashe ikiwa baridi uone kama inasumbua kuwaka na ni moshi gani inatoa. Nikafungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, ikawa inapumua kwa nguvu, moshi unatoka pu pu pu, hapo ndio naogopa ringi za pistoni ndani ya injini zimeisha, ama kuna kitu kingine kinaweza leta hiyo? Halafu chesisi imepakwa rangi nyeusi mpya huko chini, mbona chesisi tu? Nilitaka kuigongagonga na nyundo kutafuta kutu nikaona haya. Tairi za mbele zimelika upande wa ndani.

Logbuku, ile hati ya umiliki wa gari, iko na jina la mtu mwingine, nitafanya search ya NTSA, wale wanaosajili magari, kwanza nijue mwenye gari ni nani.

Hizi ni pesa tumeweka na mke wangu miaka minne, tafadhali mwenye amewahi kununua ya mtumba anisaidie, nirudi asubuhi na fundi ama niachane nayo?