Ukoo wa Bububu: spika za Ami Hemed

JUMATANO

Mwanaidi 07:12
Assalaam alaykum wote. Leo naomba tusichelewe kama kawaida yetu. Ami Hemed anahama mwisho wa mwezi, anatoka kwenye nyumba ya Leicester anaingia fleti ya chumba kimoja, na zile spika zake mbili hazina pa kukaa. Kontena la Unguja linafungwa Ijumaa ya wiki ijayo, van nshakodi Jumamosi hii. Nataka jibu moja tu: ziende Bububu, ziende kwa Salim, au ziuzwe.

Mwanaidi 07:13
@Salim @Fatma @Kassim @Khadija @Rashid

Mwanaidi 09:40
Tiki za bluu naziona.

Rashid 09:41
Wa alaykum salaam. Spika gani, zile hita?

Khadija 09:44
😂😂😂 mie mwaka ule wa theluji nilitundika soksi zangu juu yake zikauke. Ami alipiga ukelele mpaka jirani akaja kugonga mlango

Rashid 09:45
Hujakosea, zina sura ya hita kabisa, zina vimiguu na wavu wa rangi ya shaba. Zinaimba kweli au ni pambo

Mwanaidi 09:47
Rashid tafadhali. Unguja, Salim, au kuuza?

Rashid 09:48
Mie nakubali zije huku, Desemba nna harusi mbili Mbagala nikizisimamisha pale uwanjani watu watajua leo kuna mzungu

Salim 10:30
Rashid usijaribu hata kwa mawazo. Niko kazini nitaandika mchana

Mwanaidi 10:31
Salim andika sasa, watu wanakusubiri wewe

Mwanaidi 12:02
Salim?

Salim 12:51
Haya. Hizo ni Quad za elektrostatiki, zile za mwanzo kabisa, alizitengeneza Peter Walker kule Huntingdon zikaanza kuuzwa 1957 wakaendelea nazo mpaka miaka ya 80. Ndani hamna koni wala sumaku. Kuna utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele umetiwa chaji, umebanwa katikati ya mabamba mawili yenye matundu, muziki unapita kwenye mabamba basi ule utando unavutwa huku unasukumwa kule, wote kwa pamoja. Ndo maana kila spika ina plagi yake ya ukutani, paneli za besi zinashika kama volti 6,000 na ya katikati ya sauti nyembamba 1,500. Utando ni mwepesi mno kwa hiyo hauchelewi kuanza wala kusimama, ukitia muziki wa udi unasikia risha inavogusa uzi kabla ya sauti yenyewe kutoka. Sasa shida zake: hazipigi kwa nguvu, besi ya chini kabisa hazina, zilitengenezwa zama za amplifaya ya wati 15, ukiziunga na mtambo wa harusi Rashid utaunguza paneli ya katikati, cheche unaiona kwa macho ukizima taa

Rashid 12:53
Wati 15? Redio ya bodaboda wangu inazidi

Khadija 12:54
😂

Salim 12:58
Na jengine, sauti inatoka mbele na nyuma sawasawa, haziwekwi ukutani, zinataka ziachwe kama mita moja na zaidi. Kwangu Milton Keynes nikiziacha mita moja zinakuwa katikati ya sebule, tutazipita kama tunazunguka meza. Na nna mtoto wa miaka miwili na paka. Mkondo wa umeme wake mdogo sana lakini sitaki mwanangu awe wa kwanza kuupima kwa msumari

Mwanaidi 13:00
Kwa hiyo hutaki

Salim 13:00
Sijasema sitaki

Mwanaidi 13:01
Kwa hiyo unataka

Salim 13:04
Nimuulize mke wangu Nuru

Mwanaidi 13:05
Haya. Fatma, Bububu pana nafasi?

Fatma 14:20
Nafasi ipo, chumba cha mbele kitupu tangu Baba Mwinyi aondoke. Zije tu. Plagi ya pini tatu ni ileile

Salim 14:26
Da Fatma kwa heshima, chumba cha mbele dirisha linatazama bahari. Hizi adui yake unyevu na vumbi. Chaji ikipata unyevu inavuja, spika inaanza kupiga tik tik tik kama mtu anamenya karanga, sauti inafifia. Na ile volti kubwa inavuta vumbi kama simu inavovuta watoto. Kwa hewa ya chumvi sijui kama zitamaliza masika mawili

Fatma 14:29
Yaani vitu vizuri ni vya Ulaya tu, sisi tunajua kuharibu

Salim 14:30
Sikusema hivo

Fatma 14:33
Umesema. Friji la mbele limeoza kwa chumvi sikatai lakini televisheni ina mwaka wa saba naifunika kila usiku. Mie vitu vya watu natunza. Asotunza anajulikana humu ndani, radiogramu ya babu iko wapi?

Rashid 14:33
🍿

Kassim 14:41
Nilikuwa nimenyamaza kwa heshima. Radiogramu ilikuwa imeshakufa mie nilipoichukua

Fatma 14:42
Imekufa? Idi ile aliyokuja shemeji kutoka Tanga ilikuwa inaimba na watu wamekaa mpaka barazani!

Kassim 14:44
Upande mmoja

Fatma 14:44
Ulisema unaipeleka Dar kwa fundi wiki mbili. Binti yangu alikuwa ananyonya, leo yuko kidato cha tatu

Kassim 14:47
Fundi alihama. Na hela ya fundi nani aliniletea kati yenu? Mlisema mtachanga. Ukitaka kufungua daftari tufungue lote, na ya bati la jikoni tuisome

Mwanaidi 14:48
JAMANI. Radiogramu siyo ajenda. Nimelipa van paundi 40 haizirudi.

Mwanaidi 14:49
*hazirudi

Khadija 15:10
Mie nna fikra. Kwa nini zisije kwangu Maskati? Najua na huku unyevu upo, miezi ya joto hata kioo cha gari kinatoka jasho, lakini ndani AC haizimwi usiku na mchana, hewa kavu. Chumba cha wageni kipo. Na mume wangu anapenda kaseti za zamani za Bi Kidude na za kina Culture Musical Club, zimejaa kabati zima

Rashid 15:12
Khadija wewe wa soksi?

Khadija 15:12
Nimekua bwana

Mwanaidi 15:15
Khadija kontena linakwenda Unguja, haliendi Maskati. Usinivurugie.

Salim 15:31
AC kweli ni msaada. Ila jueni zinataka mtu wa kukaa. Sauti nyembamba inatoka kama mwanga wa tochi, ukiwa kwenye kiti chenyewe mwimbaji amesimama mbele yako kati ya spika mbili, ukiinuka kwenda kuchukua chai tu anazibwa kama umemfunika kanga. Ukikaa ubavuni kabisa husikii kitu cha maana. Sio za nyumba ambayo watu wanapita pita wanapika wanaongea. Ziko nyingine za siku hizi, MartinLogan za Kansas kule, utando huo wa umeme kwa juu na koni ya kawaida chini kwa ajili ya besi, zile ukoo mzima mnaweza kusikiliza. Hizi za Ami ni za mtu mmoja

Rashid 15:33
Spika ya mtu mmoja kwenye ukoo wa watu 60 ndo maana hatuelewani

Mwanaidi 15:40
Kura basi. 1 Unguja, 2 Salim, 3 kuuza, 4 Maskati (Khadija unalipa mwenyewe). Mwisho saa tatu usiku. Mie napiga 3, hela akatengeneze meno.

Rashid 15:41
1

Kassim 15:46
3

Fatma 15:47
Kassim kuuza ndo fani yake

Kassim 15:47
Umefuta ile ya kwanza lakini nimeisoma

Fatma 18:22
🎤 Ujumbe wa sauti (1:52)

Fatma 18:24
Hiyo ni sauti ya Bi Mkubwa, nimemsomea yote. Kwa mlio kazini naandika alivosema: "Mwanaidi mwanangu, nimesikia mnapiga kura. Mnagawa mali ya mtu aliye hai? Hemed ni mdogo wangu, hajafa, hajawehuka. Nani kati yenu amemuuliza? Mie nilipokwenda kwake kutibiwa macho alinikalisha kwenye kile kiti chake, nikiwa nimefungwa bendeji sioni, akatia ile kaseti ya maulidi tuliyosoma hapa uani. Nimemsikia mama yetu mpaka anavomeza mate baada ya kila beti. Nikanyoosha mkono kumshika. Basi. Hauzwi mtu humo mpaka Hemed aseme kwa kinywa chake. Na wewe Kassim, radiogramu ya baba yako nitakuuliza mie, sio Fatma."

Salim 21:05
Nimesikia shangazi

Khadija 21:09
Nimesikia Bi Mkubwa, Mungu akuweke

Kassim 21:30
Shikamoo Bi Mkubwa. Nitapiga simu kesho

Rashid 21:31
Nafuta kura yangu

ALHAMISI

Mwanaidi 06:50
Shikamoo Bi Mkubwa, nia yangu ilikuwa nzuri. @Ami Hemed shikamoo, tunakusubiri wewe tu. Ila van ni kesho kutwa.

Mwanaidi 11:15
@Ami Hemed

Ami Hemed 16:38
Marahaba. Simu ilikuwa inachaji jikoni. Mie kuuza sijasema. Nilimwambia Mwanaidi hazipiti kwenye mlango wa ile fleti nikiwa na kabati pamoja, nikimaanisha kabati ndo liondoke

Rashid 16:39
😂😂😂😂😂

Mwanaidi 16:40
Ami!! Ulisema "sina pa kuziweka"

Ami Hemed 16:47
Na sina. Chumba kina mita tatu na kitu, kitanda kikiingia nitasikiliza goti kwa goti. Na ya kulia siku za mvua inapiga tik tik kama alivosema Salim, mpaka niiache kwenye umeme nusu siku itulie, na bili hizi. Fundi wa paneli yupo lakini bei yake ni ya kununua mbuzi kadhaa. Ukizima plagi zinaendelea kuimba pole pole dakika kidogo kwa ile chaji ilobaki, hiyo huwa naipenda. Salim akae nazo kwanza, anajua kusikia. Kabati mpeni anayelitaka

Salim 17:02
Ami ni heshima kubwa. Nahitaji tu jibu la Nuru

Mwanaidi 17:03
Ulikuwa unahitaji jana saa saba

Khadija 17:20
Kabati ni lile lenye kioo?

Fatma 17:21
Kabati lije Bububu, kwenye kontena. Hilo halitaki AC

Kassim 17:25
Lile kabati lilikuwa la marehemu mama mdogo kwa taarifa yenu

Mwanaidi 17:26
HAPANA. Kabati tutaongea Jumapili. Spika Jumamosi saa nne asubuhi, Leicester. Zinasafiri zimesimama, hazilazwi, blanketi kila moja, asiziguse mtu mwenye pete. Zichomolewe Ijumaa usiku chaji iishe. Salim thibitisha.

Salim 22:48
Nuru anasema wiki mbili

Mwanaidi 22:49
Wiki mbili azihifadhi au wiki mbili afikirie?

Salim 23:10
Ameshalala

IJUMAA

Mwanaidi 06:31
Nachukulia ni kuhifadhi. Nani anakuja kunisaidia kubeba? Ami ana mgongo.

Mwanaidi 06:58
Wa Uingereza nasema. Rashid usijibu.