Nina malkia, yeye kabaki na mfalme mtupu, eti droo?

Wakuu naombeni ushauri, jana kijiweni hapa Ngamiani Tanga nacheza chesi na shemeji, kabaki na mfalme peke yake mimi malkia mzima, nikamsogelea nikajua kwisha habari yake kumbe nimemziba hana pa kwenda na cheki hajapigwa (yaani mfalme wake hajashambuliwa), akaruka juu droo hiyo! Kahawa nikalipa mimi (na kashata, huyo anakula balaa). Hiyo sawa ndo sheria. Ila gemu ya pili nina ngome, yeye mfalme tu, akaanza kuhesabu eti muvu 50 zikifika kete haijaliwa wala kitunda (zile kete ndogo za mbele) hakijasogea anadai droo. Zinahesabiwa zangu tu au za wote? Naskia kwa ngome muvu 16 zinatosha kummaliza, mimi 40 na hata pembeni sijamfikisha, namkabaje?