Tupeane uzoefu: maswali ya kupanga tarakimu kwenye usaili wa kuandika

Wakuu, habari za jioni. Niko Sakina, Arusha, najiandaa na usaili. Maswali ya "namba ngapi zinaweza kuundwa" ndiyo yanayonilia muda. Mfano: tarakimu 0, 1, 2, 3, 4, 5, unda namba shufwa za tarakimu nne bila kurudia. Mliopita huko mliyafanyaje?

Wa Njiro: Mkuu, tulikuwa tunasoma kikundi Kaloleni jioni, na kaka mmoja alitushikilia hili: anza na nafasi yenye masharti. Hapo zipo mbili, ya mwisho na ya kwanza, na sifuri inazigusa zote: mwisho inaruhusiwa, mwanzo marufuku. Basi itenge. Sifuri ikikaa mwisho, zilizobaki ni 5 × 4 × 3 = 60. Mwisho ukiwa 2 au 4, mwanzo una chaguo 4, kisha 4, kisha 3: 48 kwa kila moja, jumla 96. Jibu 156. Tangu siku ile sijawahi kuyaogopa.

Dada wa Kiboriloni: Mimi napenda kutoa. Sahau sharti la sifuri kwanza: mwisho chaguo 3, zilizobaki 5 × 4 × 3, unapata 180. Zinazoanza na sifuri ni 2 × 4 × 3 = 24. Zitoe, 156 ile ile. Kwenye usaili njia moja ilinipa jibu, ya pili ikanipa utulivu.

Mwalimu, Pasua: Nafundisha tuisheni hapa Moshi. Kijana akikwama nampunguzia: chukua 0, 1, 2 tu, andika zote kwa mkono. Shufwa za tarakimu tatu ni 102, 120, 210. Tatu, basi. Akishaziona kwa macho, kanuni inaingia yenyewe. Naamini hivyo kabisa, kukariri faktoria (kuzidisha kushuka hadi 1, kama 4 × 3 × 2 × 1) kabla ya hapo ni kumtesa mtoto.

Sakina: Ahsante sana mwalimu. Na wakisema 1 na 2 zisikae pamoja, kwenye 1 hadi 5?

Kondakta wa zamani: Hesabu kwanza zinapokaa pamoja. Ni kama mama aliyepakata mtoto kwenye Hiace, kiti kimoja. Vitu vinabaki vinne: 4 × 3 × 2 × 1 = 24, mara 2 kwa sababu ni 12 au 21, ni 48. Mipangilio yote ni 120. Toa, zinabaki 72.

Dada wa Kiboriloni: Na zikijirudia, mfano 1, 1, 2, 2, 3, gawanya: 120 kwa 2, tena kwa 2. Ni 30.